Kwa mnaoanza ukalimani Kasulu: neno "kuteka" lina Kiingereza zaidi ya kimoja

Wengi mnaokuja kuanza ukalimani wa wakimbizi huku Kasulu mna daftari la maneno ya vita: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Nami nilikuja nalo. Lilinisaidia kidogo, kwa sababu mtu unayemkalimania kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anaanza na Kiswahili chake cha Fizi au Uvira, huko Kongo, na hapo ndipo kazi ilipo.

Chukueni kuteka. Mzee mmoja alieleza kwamba wanawe wawili walitekwa njiani wakitoka kununua mawese. Nikatafsiri "captured". Ofisa aliyekuwa akimhoji akauliza vijana hao walikuwa wapiganaji wa kundi gani. Mzee alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akanitazama mimi badala ya ofisa. Niliomba radhi na kusahihisha palepale, lakini swali lilikuwa limeshamfikia, na linaniuma mpaka leo.

Jeshi likiteka mji, ni "capture", na mpiganaji aliyeshikwa vitani vilevile. Raia akichukuliwa kwa nguvu, ni "abduct". Wenye silaha wakiteka basi, ni "hijack". Wakijificha porini na kushambulia wapitao, ni "ambush", ingawa msimulizi anaweza kusema tu "tulitekwa".

Mateka nalo ni hivyohivyo. Askari aliyeshikwa na adui ni "prisoner of war", na Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unamlinda. Anayeshikiliwa ili ndugu zake watoe fedha, au serikali ikubali sharti fulani, ni "hostage", na kumshikilia hivyo ni kosa. Kiswahili kinawaita wote mateka. Ukikosea hapo, umembadilishia mtu maisha yake kwenye karatasi.

Kukimbia kwa miguu ni "run"; kukimbia kuokoa roho ni "flee", na wakati uliopita ni "fled". Msiandike "flew", hiyo ni ya kuruka angani. Mama aliyevuka ziwa usiku kwa mtumbwi "fled", hata kama hakupiga mbio hatua moja. Na "casualties" si waliokufa peke yao, majeruhi wamo.

Maneno mengine yafungeni kwenye vitu mnavyovijua, yatakaa kichwani. Neno "scuttle" nililishika kwa sababu ya meli yetu ya Kigoma, MV Liemba. Zamani iliitwa Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, tena waliipaka mitambo grisi kwanza isishike kutu. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. "Sink" ni kuzama au kuzamisha kwa namna yoyote. Kuzamisha meli yako mwenyewe kwa makusudi ndiyo "scuttle".

Mkisikia neno pana, msikimbilie kutafsiri. Mwambieni ofisa kwamba neno lina maana zaidi ya moja, mwombe ruhusa ya kuuliza. Kisha ulizeni taratibu, kwa heshima ya mtu mzima: "Mzee wangu, waliomchukua walikuwa na silaha? Yeye mwenyewe alikuwa nayo? Walitaka chochote ili wamwachie?" Majibu yakishatoka, neno la Kiingereza mtalijua. Na akinyamaza, msubirini.