Kabla hujaitisha mkutano kijijini, uliza maji yanapwa saa ngapi

Hii naandikia wewe uliyepata kazi kwa mradi wa mazingira huku Pwani, au mko kikundi cha vijana mnataka kupanda mikoko na hamjui muanzie wapi. Mimi niko kwa hizi kazi upande wa Kwale miaka kadhaa sasa, na kuna mambo natamani mtu angenikalisha chini aniambie mapema.

Kwanza maji. Mkutano wangu wa kwanza niliuita saa nne asubuhi, barua nimepeleka kwa chifu, viti vimekodiwa, chai iko, na wakaja wazee saba basi. Nikaona hawa watu hawautaki mradi. Mchana ukisogea nikakutana na mama mmoja anapanda kutoka ufuoni, ndoo ya pweza kichwani, mchokoo mkononi, leso imelowa mpaka kiunoni, nikamsalimia shikamoo mama, mbona hamkuja? Akaniambia mwanangu, leo bamvua, maji yametoka mpaka kule mwambani, siku kama hizi twazipata mara mbili kwa mwezi, sasa nani atakaa kwa kiti? Na ni kweli, bamvua ni zile siku maji hujaa sana na kutoka sana, na huku kwetu hupwa kwenye saa nne saa tano asubuhi, yaani mimi nilikuwa nimechagua saa ile ile ambayo mwanamke wa pwani hawezi kuikosa baharini. Tangu siku hiyo sipangi kitu kabla sijauliza mwezi wa angani una siku ngapi, na mikutano naiweka wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana. Na ukitaka wavuvi wenye vyombo, kipindi cha kusi bahari ikichafuka utawapata nyumbani, kaskazi bahari ikitulia usijisumbue.

La pili ni hii haraka ya kupanda. Kila mtu anataka picha ya watoto wa skuli wameshika miche. Lakini mikoko sio mti mmoja, uliza mzee yeyote atakutajia mlilana, mkoko wenyewe, muia, mkandaa, mchu, na kila mmoja una mahali pake, mlilana husimama mbele kabisa unapopigwa na mawimbi, mkandaa hukaa nyuma. Sasa miradi mingi hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu, rahisi kuokota, unachomeka tu kwa tope umemaliza. Nimeshuhudia miche imepandwa mbele kwenye mchanga mtupu, mahali pa mlilana, na mzee alikuwa amesema wazi kwamba hapo haitashika, hakusikilizwa, kusi ilipoingia ikang'oa karibu yote. Iliniuma sana manake wamama walibeba ile miche kwa mikono yao kutoka kitaluni, kwenye tope la magoti.

Tena kabla hujapanda uliza ile ya zamani ilikufa na nini. Mvua za Elnino za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kule Mwache, Mombasa, ukafunika ile mizizi inayopumulia na miti ikakauka imesimama. Kama mahali pako ni tope kutoka juu linaua, basi kazi yako iko huko juu mashambani, kupanda tena pale chini utarudia kila mwaka.

Halafu usimwambie mtu asikate bila kujua atapikia nini. Nendeni Gazi, huku Kwale, mjionee. Mradi wa wanakijiji unaoitwa Mikoko Pamoja wanauza hewa ya kaboni tangu 2013, yaani wanalipwa kwa kaboni inayoshikwa na mikoko, wanalinda hekta 117 za mikoko ya Gazi na Makongeni, na pamoja na hiyo walipanda mivinje ili watu wapate kuni na miti ya kujengea. Pesa zinazoingia wanakijiji wanakaa wanaamua wenyewe, zimeleta maji, zimesaidia skuli. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakaanza wao, na naamini ni kwa sababu waliona mfereji unatoa maji kwa jirani, sio kwa sababu ya semina.

Kwa kufunga bahari, yaani kutenga sehemu isivuliwe, muwe waangalifu zaidi. Kuruwitu kule Kilifi walitenga kipande cha kama hekta 30 mwaka 2005, wavuvi wenyewe ndio walioona samaki wanaisha wakaamua. Ukija wewe na ramani yako, utachora tengefu karibu na ufuo kwa sababu ni rahisi kulinda, na hapo ndipo mama asiye na mtumbwi hupata pweza wake kwa miguu. Mwanamume mwenye chombo atasogea mbele, huyo mama atasogea wapi? Kaa na wamama peke yao kwanza, bila waume zao, bila viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, uwasikilize, hata ikichukua wiki tatu.

Na jamani rudisheni majibu. Watu wamechoka kuhesabiwa na kupigwa picha halafu gari halionekani tena. Mimi sasa nikipima kitu narudi nacho barazani, naandika kwa karatasi kubwa kwa Kiswahili, pamoja na pesa zilizoingia na zilizotoka, inabandikwa pale wanapouzia samaki.

Kitu kingine, tembea na wazee ufuoni. Kuna mzee alinionyesha kisiki cha mnazi ambacho bamvua sasa hukifunika, akasema utotoni walikuwa wakicheza mpira upande wa baharini wa mnazi huo. Siku hiyo hiyo wamama wakaniambia kisima kipya tulichotaka kuchimba karibu na hapo kitatoa maji ya chumvi kiangazi kikianza, kama kile cha zamani. Tukakisogeza juu, karibu na mwembe wa madrasa, ikabidi tuombe kibali upya na kazi ikachelewa miezi miwili.