Jibu: Kuzunguka Aislandi siku 7 na gari dogo

Mkuu, umeuliza kama siku 7 za mwezi wa tisa na gari dogo zinatosha kuizunguka Aislandi, na kama unaweza kukatiza katikati ya kisiwa kuokoa muda. Kuzunguka inawezekana, barabara namba 1 ni kama kilomita 1,300 hivi na ni lami, ila kukatiza katikati achana nayo kabisa, zile barabara zinazoanza na herufi F zinataka foo wili kisheria, unavuka mito isiyo na daraja na maji yakiingia kwenye injini bima nyingi hazilipi, inakula kwako.

Kule cha kuogopa kuliko hata baridi ni upepo aisee. Mimi nilifungua mlango wa gari pale sheli ya Vík, kijiji cha kusini, upepo ukaninyang'anya mkononi, bawaba zikapinda palepale, na bima niliyokata haikuhusu upepo. Toka siku hiyo napaki pua ya gari ikiuelekea upepo na mlango naushika mikono miwili.

Halafu wanaendesha kulia, kwahiyo kipilefti za Reykjavík siku ya kwanza nenda mdogomdogo, aliye leni ya ndani ndo ana haki ya kutoka kwanza. Madaraja ya njia moja yapo, anayewahi anapita. Spidi mwisho kilomita 90 kwa saa kwenye lami, 80 kwenye changarawe.

Ningekuwa wewe ningelala siku 2 Mývatn, kule ziwani kaskazini, Reykjavík nipunguze. Na kila asubuhi cheki umferdin.is, tovuti yao ya hali ya barabara, kabla hujawasha gari.