Shangazi, nimemuaga mama naenda Bagamoyo kumbe nakwenda Pemba

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 22, nasoma chuo hapa Dar. Washkaji zangu watatu wamepanga tukale Idd ya kuchinja Pemba, mmoja wao kwao ni Wete. Wanasema tiketi za boti zitakuwa za kugombania, kwa hiyo tupande basi mpaka Tanga halafu tuvuke na jahazi la mizigo la jamaa anayemjua, usiku wa kuamkia Arafa, siku moja kabla ya Idd. Tatizo ni mama. Yeye ni Mpemba, kaka yake alizama na ile meli ya 2011 na tangu hapo hajavuka bahari wala hataki kusikia habari zake. Nimemwambia naenda Bagamoyo. Roho inanisuta lakini nikisema ukweli safari imekufa. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikacheka, nikairudia nikanyamaza.

Nilichochekea ni hiyo Bagamoyo. Hivi we mtoto wa Mpemba, Pemba unaijua kweli? Ukishuka asubuhi, adhuhuri haijaadhiniwa keshatokea mtu kakukazia macho anauliza huyu si mtoto wa fulani, na hujamaliza sahani ya kwanza ya Idd bibi yako yuko kwenye simu na mama yako anamshukuru kwa kukuruhusu uje. Sasa hapo utamwambia Bagamoyo ipi?

Nilichonyamazia ni jahazi. Ile meli ya 2011, Spice Islander, iliondoka Unguja usiku kwenda Pemba, ikazama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, Idd ndo kwanza imepita kama siku kumi. Tume iliyochunguza ilisema ndani mlikuwa na watu zaidi ya 2,000 na meli yenyewe uwezo wake ni abiria 600 na kitu, yaani wengi waliokuwemo hawakuwa kwenye karatasi yoyote. Mama yako alimpoteza kaka yake kwa staili hiyo. Na we unataka kupanda chombo cha mizigo, usiku, hakuna tiketi hakuna orodha, laifu jaketi ukiikuta bahati yako, halafu mama anajua uko Bagamoyo. Likitokea la kutokea mwanangu, atakwenda kukutafuta Bagamoyo.

Na hali ya bahari mmeiangalia? Mwaka huu wa 2026 Idd inatarajiwa kwenye tarehe 27 Mei, upepo wa kusi umeshashika, na mkondo wa Pemba una kina kirefu na maji yake yanakimbia hata siku za shwari. Meli nyingine, MV Skagit, ilizama Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, hiyo nayo ni msimu wa kusi. Halafu eti usiku wa kuamkia Arafa! Mtatapika usiku kucha mfike hoi, na Arafa yenyewe hamjui mtaifunga vipi. Huyo aliyepanga ratiba hii nina wasiwasi hajawahi kuugua bahari.

Safari siikatai lakini. Kijana kwenda kula Idd kwao na wenzake ni jambo zuri na mi mwenyewe nimeshavuka sana kwa ajili hiyo, kuna raha yake kukaa mnapiga soga mnaona minara inatokeza. Ila panga upya. Idd ya Mfunguo Tatu, yaani hii ya kuchinja, haina ubishi wa dakika za mwisho kama ile ya Fitri, mwezi ukiandama una siku tisa mkononi unajua Idd lini, kwa hiyo tiketi zinapangika. Na kule visiwani sikukuu wanaihesabu siku nne, Idd mosi mpaka nne, sasa haraka ya nini? Swali Idd mosi hapa Dar na mama yako, kaa naye ale nyama na mwanawe, Idd pili asubuhi panda boti ya abiria mpaka Unguja kisha uunganishe ya Pemba, kwa jina lako na kitambulisho chako. Hata kama usiku mmoja mtalala Unguja, ya tatu na ya nne mtazipata Pemba. Washkaji wakitaka kutangulia na jahazi lao waache, mtakutana Wete, ingawa ningekuwa we ningewashika mashati.

Kidonge cha kichefuchefu meza kama saa moja kabla ya kuondoka, usisubiri mpaka tumbo limeanza, kaa katikati ya boti na macho uyatupe mbali nje, hiyo simu iweke mfukoni.

Sasa mama. Usimwambie kwa meseji wala ukiwa umeshabeba begi. Mkae, anza na Bagamoyo, mwambie mama nilikudanganya, nisamehe. Atafoka, mwache afoke. Halafu mwoneshe tiketi, jina la boti, saa ya kuondoka. Akilia usimkatishe kwa kumwambia boti za siku hizi salama, hajakuuliza hilo. Anaweza kukataa kabisa, na akikataa mwaka huu usiende, Pemba haihami. Ila mi nahisi atakuuliza utafikia kwa nani, na akishauliza hivyo ujue keshaanza kukuaga.

Kabla hujaondoka muulize kama ana salamu au kitu cha kupeleka kwa watoto wa kaka yake. Miaka yote hii hajavuka, lazima kipo.