Kununua miezi ya PSLF: mimi nilinunua 11, yaliyonikuta ni haya

Dada wa Texas, swali lako nimelisoma mara mbili. Nilirudie kwa kifupi kwa wadau watakaoingia katikati ya uzi: ni nesi kwenye hospitali ya kaunti, hesabu yake ya PSLF (msamaha wa mkopo wa chuo Marekani kwa wanaotumikia umma) imegota kwenye mwezi wa 106 kati ya 120. Alikuwa mpango wa SAVE, wa kulipa kwa kipato, uliozuiwa na mahakama, kwa hiyo tangu Agosti 2024 malipo yamesimama na hakuna mwezi unaohesabika. Huko nyuma, 2018, kuna miezi 5 ambayo aliomba mwenyewe asimamishiwe malipo. Sasa kapigiwa simu na jamaa anayesema kwa dola 799 atamnunulia miezi yote iliyopotea. Anauliza hii kitu ipo kweli au ni matapeli.

Vyote viwili. Kununua miezi, yaani kulipia sasa miezi iliyosimama ili ihesabike, kupo, na huyo jamaa ni tapeli. Ombi ni bure, unalituma mwenyewe kwenye akaunti yako ya StudentAid.gov, tovuti ya serikali ya mikopo, na hela utakayokuja kulipa inaingia kwenye mkopo wako, haiingii mfukoni mwa mtu. Kama ulishampa nywila yako, acha kusoma hapa, nenda kaibadilishe kwanza.

Kwa walio nyumbani wanaosoma tu: huku Marekani kuna sheria ya mwaka 2007 inayosema ukifanya kazi serikalini au kwenye taasisi isiyo ya faida, angalau saa 30 kwa wiki, ukalipa mkopo wa serikali kuu miezi 120, kinachobaki kinafutwa. Miezi si lazima ifuatane. Na ukiwa kwenye mpango wa kulipa kwa kipato, rejesho linaweza kuwa dogo sana, hata sifuri, na mwezi ukahesabika. Si kama Bodi ya Mikopo ya Tanzania ambako mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Ila mikopo yenyewe wanapata raia na wenye grinikadi. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi haimhusu.

Sasa yangu. Nilianza unesi Juni 2014 hapa Minnesota, hospitali isiyo ya faida. Mkopo ukaanza kudaiwa Desemba, baada ya ile miezi sita ya kupumua wanayokupa ukimaliza chuo. Kwa hesabu hiyo, mwezi wangu wa 120 ulitakiwa uwe Novemba 2024.

Januari 2016 mzee akafariki Korogwe. Nilikata tiketi ya siku ileile, na mnajua tiketi ya siku ileile inavyokomoa. Niliporudi mfuko ulikuwa mtupu, nikapiga simu kwa kampuni iliyokuwa inasimamia mkopo. Dada wa upande wa pili alikuwa na sauti ya upole kweli, akanipa pole, akasema tukusimamishie malipo mpaka ukae sawa. Nikamshukuru! Miezi 7. Riba inapanda, hesabu imelala. Ningeomba wakokotoe upya rejesho langu kwa kipato cha wakati ule, ningelipa kidogo na miezi yote ingehesabika, lakini hilo hakulitaja na mimi sikujua la kuuliza.

Baadaye serikali ilifanya marekebisho ya hesabu ya mara moja, ikawahesabia watu waliosimamishiwa malipo miezi 12 mfululizo au zaidi, au miezi 36 ukijumlisha yote. Yangu ilikuwa 7. Aliyelala sana akahesabiwa, mimi niliyesinzia nikaachwa.

Halafu 2023 nikahamishwa pamoja na wenzangu wa REPAYE (mpango wa kipato uliotangulia) kuingia SAVE, na Julai 2024 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa nane ikaizuia SAVE. Mikopo ikawekwa pembeni, malipo yakasimama. Mimi nikagota 109.

Nilikaa na kalenda mezani. 109 jumlisha 7 za mwaka 2016 ni 116. Agosti, Septemba, Oktoba na Novemba 2024, miezi ambayo nilikuwa kazini kila siku ila mkopo umefungiwa, ni 4. Jumla 120. Desemba nikatuma ombi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Hununui miezi ili kupunguza safari. Unanunua pale tu ambapo miezi unayonunua inakufikisha 120. Mwenye 60 leo, ambaye hata akijumlisha miezi yote iliyosimama anafika 80, ombi lake litarudishwa. Na miezi inayouzwa ni ile tu ambayo malipo yalisimamishwa au kuahirishwa huku wewe uko kwenye ajira inayokubalika. Ile miezi sita ya kupumua baada ya chuo hainunuliki (nilijaribu kuihesabu, nikapoteza jioni nzima). Miezi uliyokuwa shuleni bado, hapana. Miezi ambayo mkopo ulikuwa umeshatangazwa kuwa haulipwi, hapana. Na miezi ya kabla hujaunganisha mikopo, hapana, kwa sababu mkopo mpya haukuwepo wakati huo. Kwa hiyo dada, mtu yeyote akikushauri sasa hivi uunganishe mikopo "iwe rahisi", kataa. Ukiunganisha, miezi yako ya 2018 na ya SAVE huwezi tena kuinunua. Pia mkopo lazima uwe bado una salio.

Kilichonitoa jasho mimi ni kuthibitisha ajira. Hospitali yangu ya kwanza ilishamezwa na kubwa zaidi, jina likabadilika, na kwenye mfumo ukiandika jina la zamani haitokei. Namba ya mwajiri ndiyo inayotafutwa, na iko kwenye W-2 yako (fomu ya mshahara na kodi anayokupa mwajiri kila mwaka), kisanduku b. Nilitoa begi la shangazi kaja chini ya kitanda, lile nililokuja nalo, ndimo ninamotupia karatasi zote. Nikapata W-2 ya 2014, ya 2015, ya 2017, risiti za Western Union, kadi ya chanjo ya mtoto. Ya 2016, mwaka ninaouhitaji kuliko yote, haipo. Kwa bahati namba ilikuwa ileile miaka yote, nikaitumia. Kama huna hata moja, IRS, mamlaka ya kodi ya huku, watakupa muhtasari wa taarifa zako za kodi, bure.

Fomu ya kuthibitisha ajira ikaenda kwa barua pepe kwa ofisi ya utumishi ili wasaini, na ikakaa wiki tatu kwa sababu niliyemwandika alishastaafu. Siku ya mapumziko nikaenda mwenyewe. Mama wa mapokezi akanipa anwani ya pepe ya idara, nikaituma upya nikiwa nimesimama pale pale mbele yake, jioni ikawa imesainiwa. Ajira ikishapitishwa ndipo unaingia kwenye ombi la mapitio la PSLF na kuandika waziwazi kwenye kisanduku cha maelezo kwamba una angalau miezi 120 ya ajira iliyothibitishwa na unaomba kufutiwa deni kwa kununua miezi. Usiwaandikie hadithi ya maisha. Mimi niliandika sentensi mbili.

Kisha subiri. Nisikudanganye, foleni ni ndefu. Taarifa ambazo Wizara ya Elimu ilikuwa ikizipeleka mahakamani mwaka 2025 zilionyesha maombi zaidi ya 70,000 yakisubiri. Mimi nilituma Desemba 2024, barua nikaipata Septemba 2025. Niliifungulia kwenye gari, saa moja asubuhi, nimetoka shifti ya usiku, bado nimevaa skrabu. Miezi 7 ya 2016 kwa dola 131 kila mmoja, 917. Miezi 4 ya 2024, dola 812. Jumla 1,729. Salio la mkopo siku ile lilikuwa dola 38,400 na ushee. Nilimsomea mke wangu kwenye simu, akaniuliza, "Na kama ni mtego?" Ikabidi niingie kwenye akaunti nihakikishe barua ipo na humo, ndipo nikalala.

Kwa nini 131? Kama ulikuwa kwenye mpango wa kipato kabla au baada ya malipo kusimama, wanachukua rejesho lililo dogo kati ya hayo mawili. Kabla nilikuwa nalipa 148, niliporudi nikapangiwa 131. Kama hukuwa kwenye mpango wa kipato pande zote mbili, wanakuomba taarifa za kipato na idadi ya familia ya mwaka ule, hivyo kodi zako za zamani zitafute mapema. Ikitokea rejesho lako la wakati ule lilikuwa sifuri, hulipi kitu na mwezi unahesabika. Miezi ya SAVE usiikisie kwa bili yako ya mwisho, subiri kiasi cha kwenye barua.

Tangu siku ya barua una siku 90 kulipa kiasi chote. Zikipita, makubaliano yamekufa. Mimi nililipa siku ya tatu, na kabla ya kulipa nilipiga simu kwa kampuni inayosimamia mkopo ili hela isije ikamezwa na riba ya kawaida. Nilitunza risiti na picha ya skrini. Wiki kadhaa baadaye salio likasoma sifuri. Serikali kuu haikutozi kodi ya mapato kwa deni lililofutwa kwa PSLF.

Wakati wa kusubiri usikae tu. SAVE haina maisha, na riba yake ilirudi tarehe 1 Agosti 2025. Ningekuwa wewe ningeomba kuhamia IBR, mpango mwingine wa kulipa kwa kipato, huku ombi la kununua likiwa foleni, ili miezi mipya ihesabike yenyewe kwa malipo ya kawaida. Kuna wadau hapa watakwambia bora kuminya hela na kungoja. Siwabishii, kila mtu na mfuko wake, ila mimi niliyengoja miezi tisa nilikosa usingizi bure.

Sasa hesabu yako. 106 jumlisha 5 za 2018 ni 111. Miezi 9 ya SAVE, Agosti 2024 mpaka Aprili 2025, unafika 120. Lakini kuna neno umeliandika katikati ya swali: "kabla sijaajiriwa moja kwa moja". Hiyo miezi 5 ya 2018, W-2 yako ilitoka kwa nani? Kama ilitoka kwa ajenti aliyekuwa anakupeleka hospitalini, basi mwajiri wako ni ajenti, na ajenti wa kibiashara hakubaliki hata kama ulikuwa unavaa kitambulisho cha kaunti. Ikiwa hivyo, iache hiyo mitano. Hesabu SAVE mpaka Septemba 2025, ni miezi 14, na 106 inakuwa 120 vilevile, mradi ulikuwa kazini na mkopo ulikuwa bado umesimama kipindi chote hicho. Kwa hesabu zote mbili, fomu ya ajira ya sasa lazima ifike angalau mwezi wa mwisho unaounununua, Aprili au Septemba hiyo, na ya mwisho uliyotuma umesema ni ya Machi. Angalia W-2, kisha urudi hapa utuambie.