Jibu: Papa upanga ni papa au taa?

Umeuliza kama papa upanga, samaki mwenye pua ndefu yenye meno kama msumeno, ni papa kweli, kwa kuwa ana umbo la papa. Hapana, ni taa, yaani jamii ya samaki ambao wengi wao ni bapa. Jina limewapotosha wengi. Umbo lisikudanganye: mlaze chali utafute matundu ya matamvua. Papa anayo ubavuni, jozi 5 hadi 7. Taa anayo upande wa chini, na mapezi yake ya kifuani yameungana na kichwa.

Mgumu zaidi kumtambua ni papa bapa wa jenasi Squatina. Anafanana na taa, lakini mapezi yake yameachana na kichwa, matamvua yako kando. Huyo ni papa. Wapo pia papa halisi wenye pua ya msumeno. Wao wana sharubu mbili puani, papa upanga hana.