Anti, nimekata mkufu wa lulu wa mama mkwe, ninyamaze?

"Shikamoo anti. Mama mkwe wangu anakusanya mikufu ya zamani, aliniazima ule wa lulu wa mstari mmoja nivae harusini. Wakati navua ukakatika, lulu zote zikamwagika chini. Nikaziokota, zikakosekana mbili ndogo za upande wa nyuma, nikanunua mbili za kioo zinazofanana nikatunga upya mwenyewe nikamrudishia. Hajasema kitu, mume wangu anasema ninyamaze. Juzi mama kasema mkufu ule ndo atakaoniachia mimi, tangu hapo usingizi sina. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili na naanza na la kukupunguzia mzigo. Umesema lulu ZOTE zilimwagika. Sasa sikia, mkufu wa lulu uliotungwa vizuri una fundo dogo la hariri kati ya kila lulu na mwenzake, yaani zisisuguane, na uzi ukikatika idondoke moja basi, nyingine zibaki zimeshikwa. Kama zilitapakaa chumba kizima maana yake mafundo hayakuwepo, na uzi wenyewe huenda ulishachoka siku nyingi, hariri inakula jasho na mafuta ya ngozi mpaka inalegea, ndo maana wanaovaa lulu mara kwa mara wanatungisha upya kila mwaka au miaka miwili hivi. Ungeweza kukatikia shingoni kwa mama mkwe mwenyewe. Kwa hiyo kukatika usijilaumu, kinachokunyima usingizi ni zile mbili za kioo na ni sawa zikunyime.

Hapo kwenye kunyamaza sikubaliani na mumeo hata kidogo. Kwanza mama mkwe atajua tu. Lulu ya kweli ukiisugua taratibu kwenye ncha ya jino unasikia chenga kama mchanga laini, ya kioo inateleza. Angalia na tundu, ya kioo rangi yake huanza kubanduka pale uzi unapopita. Tena lulu za kweli hata zikipangwa vizuri vipi hakuna mbili zinazolingana kabisa, zako mbili za kioo ndo zitakuwa zinafanana kama mapacha, pale pale karibu na kifungo ambapo yeye anashika kila akivaa. Mtu aliyezishika miaka yote hiyo vidole vyake vinazijua.

Pili, na hili ndo nataka ulielewe vizuri, wanaokusanya mikufu ya zamani hawapendi mng'ao peke yake. Mkufu wa mstari mmoja wa kama sentimita 45, unaokaa chini kidogo ya koo, unapendeza kwa bibi na kwa mjukuu, kwa gauni na kwa shati la kazini, haupitwi na wakati kwa hiyo unarithishwa, na ukirithishwa unabeba watu ndani yake. Zile loketi za Uingereza za karne ya 19, yaani vikasha vidogo vya kuning'iniza shingoni, zenye nywele za marehemu ndani mpaka leo zinatafutwa, asiyejua angetoa nywele asafishe, mkusanyaji anazitaka hizo hizo nywele. Na mkufu wa mistari mitatu wa Jacqueline Kennedy, aliyekuwa mke wa Rais Kennedy wa Marekani, lulu zake zilikuwa bandia kabisa na kila mtu alijua, lakini kwenye mnada wa Sotheby's New York mwaka 1996 uliuzwa dola 211,500. Umeona? Bandia inayojulikana ni bandia haikumtisha mtu, kilichonunuliwa ni historia yake. Sasa wewe umeingiza kitu kwenye historia ya mkufu wa mama yako na yeye hajui, halafu kesho mwanao atarithi anaamini zote ni za kweli, aupeleke kwa sonara ndo aambiwe huko.

Mwambie, wiki hii, ukiwa naye peke yenu, mumeo asiwepo maana ataanza kukutetea na maneno yatakuwa mengine. Usianze na hadithi ndefu. "Mama, ule mkufu ulinikatikia, lulu mbili zilipotea nikaweka za kioo, niliogopa kukwambia." Basi, nyamaza, mwache aseme. Atakasirika, naamini atakasirika zaidi kwa kufichwa kuliko kwa zile lulu. Usimkatishe.

Akitulia ndo umwambie utalipia. Hizo zilizopotea ni ndogo za nyuma, sio zile kubwa za katikati, kwa hiyo sonara anayejua lulu anaweza kuzitafutia za kulingana kwa saizi na rangi bila shida kubwa, ila sonara amchague mama mwenyewe. Mwombeni sonara autunge kwa hariri, fundo kila lulu, na kifungo chake cha zamani kibaki kile kile, tafadhali sana kisibadilishwe, mara nyingi alama ya karati, yaani usafi wa dhahabu, na ya aliyetengeneza iko hapo. Mkufu ukirudi kwa sonara usitundikwe maana uzi unavutika, ulazwe kwenye kitambaa laini, na pafyumu ipulizwe kabla ya kuvaa, sio baada.

Kabla hujaenda kwake lakini, sogeza kabati na kitanda cha chumba ulichovulia, pitisha tochi chini chini usawa wa sakafu, lulu ndogo inarudisha mwanga. Kunjua na pindo za gauni ulilovaa siku ile. Ukiipata hata moja, nenda nayo mkononi.