Beringi mpya zinakufa mapema: je, tuzibadilishe mara nyingi zaidi?

SWALI: Tuna pampu za maji zinazoendeshwa na mota za mizunguko 1,480 kwa dakika. Ratiba inatutaka tubadilishe beringi zote (ringi zenye gololi zinazoshikilia shafti izunguke) kila baada ya miezi 6, hata zisizo na kelele. Ajabu ni kwamba nyingi zinakufa wiki mbili tatu tu baada ya kubadilishwa. Mkuu wangu anataka tushuke hadi miezi 3. Nikubaliane naye?

JIBU: Ndugu fundi, usikubali. Kila unapoifungua pampu iliyokuwa ikizunguka vizuri, unaianzishia upya kipindi chake cha hatari. Ukiifungua mara mbili zaidi, utavuna vifo vingi zaidi.

Jambo hili limechunguzwa zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, C. H. Waddington na wenzake walifuatilia ndege za doria za Uingereza, wakakuta hitilafu zinapanda mara tu baada ya ukaguzi wa ratiba, kisha zinashuka kadiri ndege inavyoendelea kuruka. Mwaka 1978 Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United walionyesha kwamba asilimia 11 tu ya vifaa walivyovichunguza ndivyo vilivyochakaa kwa umri, na asilimia 68 vilikuwa hatarini zaidi vikiwa vipya. Pampu si ndege, najua, na impela (gurudumu linalosukuma maji) inayosagwa na mchanga huzeeka kweli. Lakini beringi haifuati kalenda. Hata ule umri unaoandikwa na mtengenezaji una maana kwamba asilimia 10 zitakuwa zimeshakufa kufikia hapo. Zilizobaki zinaendelea, nyingine kwa muda mrefu sana.

Sasa nenda kachukue beringi moja iliyokufa kabla haijatupwa. Ikate, uoshe grisi, uangalie njia ya gololi kwenye mwanga mzuri. Ukiona vibonyeo vidogo vilivyopangana kwa nafasi ileile iliyo kati ya gololi na gololi, hiyo ni nyundo: mtu aligonga ringi ya nje ili ringi ya ndani iingie kwenye shafti, na nguvu yote ikapita kwenye gololi. Rangi ya kahawia au bluu ni joto, mara nyingi kwa grisi kukauka au kujazwa kupita kiasi. Makunyanzi kama ya bati la migongo ni umeme unaopita ndani ya beringi, hasa kama mota inaendeshwa na kifaa cha kubadili kasi. Na alama ya mzigo ikiwa imekaa upande, shafti mbili hazikupangwa sawa, au mguu mmoja wa mota haukai vizuri kwenye msingi. Legeza bolti za mguu mmoja mmoja. Ukinyanyuka, tia bati jembamba chini yake hadi ukae. Hapa ndipo ningetumia siku yangu nzima. Dawa ya kila alama ni tofauti.

Kwa kufunga: pasha beringi moto hadi karibu nyuzi joto 110 za Selsiasi, isizidi 120, iteleze yenyewe kwenye shafti. Kama huna kipashio, tumia bomba linalokaa kwenye ringi ya ndani pekee. Grisi ijaze theluthi hadi nusu ya nafasi iliyo wazi, na usichanganye aina mbili.

Badala ya kalenda, pima mtetemo. Shafti yako inazunguka karibu mara 24.7 kwa sekunde. Beringi ya gololi 9 yenye jeraha kwenye ringi ya nje itagonga takribani 0.4 × 9 × 24.7, yaani mara 89 kwa sekunde. Ukiona kilele hapo kwenye grafu ya mtetemo, na vingine kwenye 178 na 267 (mara mbili na mara tatu yake), unayo nafasi ya kupanga siku ya kusimamisha mtambo. Kipimo cha jumla cha kasi ya mtetemo huchelewa kuliona jeraha dogo, kwa hiyo usikitegemee peke yake.

Mwombe mkuu wako pampu mbili tu, zile zenye pampu ya akiba ya kushika kazi zikisimama. Ziondoe kwenye ratiba ya miezi 6, zipime siku ya kufungwa na kila mwezi baada ya hapo, na uzifungue pale tu namba zitakapopanda.